Taa za Tumbawe la Bakhit

Jumapili, 1 Juni 2025

Tumbawe kubwa la kwenye tangi la majlis, chumba chetu cha wageni, limepoteza rangi yake ya zambarau na kuwa kahawia. Aliyesema ni mume wangu Jaifar, leo baada ya alasiri, akiwa amepiga magoti mbele ya kioo. Nilikwenda kutazama mwenyewe. Ni kweli. Ncha za matawi zimebaki na zambarau kidogo, na chini kote ni rangi ya chai iliyolala.

Nitaandika mambo haya kila yanapotokea, kama nifanyavyo gazetini kwetu, kwa sababu katika nyumba hii kila mtu hukumbuka anavyotaka.

Tangi ni la maji ya chumvi, urefu mita moja na nusu, limekaa juu ya kabati nyumbani kwetu hapa Bawshar, Maskati. Juu yake zimening'inia taa mbili za LED, ya kushoto na ya kulia, kila moja na kioo chake kwa chini. Jaifar alilianzisha miaka minne iliyopita, alipostaafu uhandisi. Tumbawe alipewa na rafiki yake Bakhit, mwalimu wa fizikia anayekaa Ghubra. Lilikuwa kipande cha urefu wa kidole. Halikutoka katika bahari yetu, hilo ni marufuku. Ni la kufugwa, tawi la tawi la tawi.

Wafugaji wa matumbawe wana desturi yao. Tumbawe zuri hulifugi peke yako. Unamkatia mwenzio, ili lako likifa uende kwake ukachukue tawi. La Bakhit lilikufa mwaka juzi, umeme ulipokatika na nyumba haina mtu. Kwa hiyo hili letu ndilo lililobaki. Bakhit ameshajenga tangi jipya, na Jaifar amemuahidi tawi mwisho wa Agosti.

Hili nalo likifa, hakuna kwa kwenda kuchukua. Jaifar hakulitamka hilo. Alisema tu kwamba taa zimechoka na zinataka kubadilishwa. Nilimuuliza amejuaje. Akasema anaona.

Jumanne, 3 Juni

Nilipita Ghubra kwa Humaid, mwenye duka la samaki wa mapambo. Ni wa kwetu, mama yake mtu wa Ng'ambo ya Unguja, na huzungumza Kiswahili akitaka kuuza na Kiarabu akitaka kukataa.

Kwa maelezo yake, tumbawe huishi na vijimea ndani ya nyama yake, navyo hulipikia chakula kwa mwanga. Mwanga ukipungua, huongeza vijimea, na vijimea ni kahawia.

"Kwa hiyo dada yangu, mgonjwa wenu ana njaa," alisema.

"Hakuna sababu nyingine?"

"Zipo. Maji machafu, chakula kingi. Lakini maji ya mumeo ni masafi kuliko ninayokunywa mimi."

Alinionyesha taa za aina tatu. Ya kwanza ni halaidi, ambayo mwanga wake ni kama jua na joto lake kadhalika. Kwa Maskati ya mwezi wa sita, ukinunua hiyo ununue na kipooza maji kingine. Ya pili ni ya mirija, ambayo mwanga wake umetandaa vizuri ila mirija yenyewe hubadilishwa kila mwaka. Ya tatu ni LED kubwa yenye feni tatu mgongoni, na hiyo ndiyo aliyotaka niichukue.

Nilimuuliza kama ana chombo cha kupimia mwanga. Anacho, lakini amemuazima mteja wa Wattaya mpaka baada ya Idi. Nikamwambia nitasubiri. Mtu mmoja aliyesema anaona na mwingine anayeuza taa si ushahidi wa kutosha hata kwa habari ya bei ya vitunguu.

Alhamisi, 5 Juni

Joto nyuzi 47. Jaifar amepandisha taa zote mbili kutoka asilimia sitini hadi mia. Nilimwambia asubiri kipimo.

"Mama Yazan," alisema, maana akiudhika huniita kwa jina la mwanetu, "tumbawe halisomi gazeti."

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Wageni tangu baada ya sala. Bi Mastura, mama yake Jaifar, alipokea kila mtu akiwa kwenye kochi lake, na chetezo cha ubani hakikupoa. Kila mgeni alilisifu tangi. Hakuna aliyejua linavyotakiwa kuwa.

Jumamosi, 7 Juni

Wageni.

Jumatatu, 9 Juni

Kazini kutwa. Nakitto, binti wa Kiganda anayetufanyia kazi za nyumba, amefanya usafi mkubwa wa majlis. Tumbawe ni lile lile.

Alhamisi, 12 Juni

Tumbawe limepauka. Aliyeona kwanza ni Nakitto, saa moja asubuhi, akaja kuniita jikoni.

"Madam, ile jiwe ya Baba imekuwa nyeupe."

"Jiwe gani?"

"Hiyo anapenda kuliko watoto."

Nusu ya kushoto ya tumbawe ilikuwa nyeupe kama chokaa. Nusu ya kulia ilikuwa bado kahawia. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa wazi kabisa. Weupe huo si wa kifo bado. Nyama ipo, imevitapika vijimea vyake vyote, na bila hivyo ina wiki chache za kuishi.

Jaifar alikuja na kanzu ya kulalia, akasimama mbele ya tangi. Kisha akampigia Humaid, na simu ikiwa wazi wote tulisikia jibu: mwanga umezidi, punguza sasa hivi.

"Juzi mwanga mdogo, leo mwanga mkubwa," Jaifar alisema. "Taa ni zile zile."

"Si ulipandisha, bwana?"

"Nimepandisha zote mbili. Mbona kulia haikufanya kitu?"

Swali lilikuwa zuri, na lilikuwa lake. Alishusha taa mpaka thelathini. Kisha akageuka na kuuliza nani amegusa taa ya kushoto.

"Ni mimi, Baba," Nakitto alisema. "Nilipangusa kioo yake, siku ile ya usafi."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna mtu alinituma. Ilikuwa inanata. Kama sufuria ya kukaangia. Nikatumia siki."

Jaifar akasema kuanzia leo asilikaribie tangi. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, hata enzi za makandarasi wake. Nakitto akasema khalas, hakuna shida, mawe yako mengi duniani, akarudi jikoni.

Nilimfuata Jaifar chumbani. Nilimwambia kwamba katika nyumba hii leo mtu mmoja tu ameulizwa swali akalijibu lote, na huyo ndiye aliyemfukuza kabla hatujamaliza kumsikiliza.

"Tumbawe linakufa, Mahfoudha, na wewe unafanya mahojiano."

"Ndiyo. Lete maswali."

Hakuleta. Nilikwenda jikoni peke yangu na kumuuliza Nakitto mawili. Alipangusa kioo kimoja au viwili? Kimoja. Kwa nini kimoja?

"Ile ya kulia iko juu ya kochi. Bimkubwa alikuwa amelala hapo. Ningepanda juu yake?"

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya chakula cha mchana Jaifar alikwenda jikoni na kumwambia Nakitto kwamba amekosea kumfokea. Nilikuwa nimemdhania anaomba maji.

Jumamosi, 14 Juni

Kipima mwanga kimerudi kutoka Wattaya, na Humaid alituletea mwenyewe, tukae nacho mpaka tumbawe lipone. Ni kijiti chenye jicho jeupe, unakitumbukiza majini pale tumbawe lilipo na kinakupa namba. Tumbawe la aina hii linataka kati ya mia mbili na mia tatu.

Tulipandisha taa hadi mia kwa muda wa kupima tu, tumbawe likiwa limefunikwa sahani. Chini ya taa ya kushoto, iliyopanguswa, namba ilikuwa mia nne. Chini ya taa ya kulia haikufika mia na themanini. Jaifar alipima mara tatu, akabadilisha mkono, akapima tena.

Hesabu haina siri. Kabla ya Idi taa zilikuwa sitini kwa mia na vioo vichafu, na tumbawe lilikuwa likipata mia na kidogo. Jaifar akapandisha taa. Siku nne baadaye kioo cha kushoto kikasafishwa. Upande wa kushoto ukatoka mia na kidogo hadi mia nne ndani ya siku chache, sawa na mtu aliyefungiwa ghalani kutolewa nje saa sita mchana. Jaifar alikuwa na haki kusema mwanga ni mdogo. Humaid alikuwa na haki kusema umezidi. Taa hazikuchoka hata kidogo.

Kisha nilichukua kitambaa cheupe na siki, nikapanda juu ya kochi, nikapangusa kioo cha kulia. Kitambaa kilirudi na rangi ya asali. Humaid alikinusa akanipa. Nilinusa, nikampa Jaifar.

"Ubani," alisema Jaifar, na hakutazama upande wa mama yake.

Jumapili, 15 Juni

Jaifar anakataa kuzungumza na Bi Mastura. "Siwezi kumwambia mama yangu asifukize ubani nyumbani kwake. Nitamwambiaje? Samaki wanakohoa?"

Nilikwenda mimi. Alikuwa kwenye kochi, anachambua tende.

"Bimkubwa, chetezo unakiweka wapi?"

"Si hapo juu ya kabati la masamaki. Moshi unapanda vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu joto la mwaka jana. Zamani nkikiweka dirishani. Mkaja mkafunga madirisha na hiyo esii yenu, haya, moshi utoke wapi? Nkakipandisha."

"Mbona hukutwambia?"

"Mmeniuliza? Mmemuuliza mwenye duka Ghubra, mmemuuliza mtoto wa Kiganda, mmengoja kijiti kitoke Wattaya. Mie nimo humu ndani kutwa nnalitazama. Nshaliona linavyosinyaa tangu kabla ya Ramadhani."

Nimefanya kazi ya habari miaka thelathini na sikumuuliza mtu anayekaa chumbani. Nimeliandika hilo hapa na nimeendelea.

Nilimweleza mambo ya kioo na moshi. Alisikiliza hadi mwisho, akatema kokwa.

"Wee Mahfoudha, nnafukiza ubani tangu huyo mumeo hajazaliwa. Hakujatokea samaki kunambia zima."

"Sijasema uzime."

"Basi umesema nini?"

"Nimesema taa inachafuka. Nataka kujua kama ni huo moshi kweli au dhana yangu. Fukiza kama kawaida, pale pale. Mimi nitapima."

Alichukua tende nyingine. "Haya. Pima," alisema.

Jumapili, 22 Juni

Wiki nzima ya ubani kila magharibi, vioo vikiwa safi mwanzoni. Namba imeshuka kila siku, kidogo kidogo, taa zikiwa hazikuguswa. Nilimpelekea Bi Mastura matokeo. Akasema: "Ubani mzuri huo. Wa Dhofar." Sasa nina chanzo cha pili, tena hakibishi.

Sehemu nyeupe ya tumbawe imebaki nyeupe. Matawi mawili ya pembeni yameanza kuota mwani. Hayo yamekufa.

Jumanne, 24 Juni

Joto 48. Nilimpigia Bakhit na kumwambia kila kitu. Jaifar hakupenda.

"Ungenipa nafasi nitengeneze kwanza."

"Tumbawe ni lake pia. Akikuuliza mwisho wa Agosti utamwambia ulijua tangu Juni?"

Bakhit alikuja baada ya isha. Ni mtu mrefu anayesema polepole, kama anayesubiri wanafunzi wamalize kuandika. Alitazama kushoto, kulia, na juu kwenye taa. Nilitegemea lawama. Akasema, "Langu lilikufa kwa siku moja, Jaifar. Hili linapigana." Kisha akaomba apunguziwe sukari kwenye kahawa, akaambiwa kahawa ya nyumba hii haina sukari, ni tende zinazomdanganya.

Walikubaliana kutokata kitu sasa. Kulikata tumbawe lililopauka ni kulimaliza.

Jumanne, 1 Julai

Taa imechaguliwa. Nilikwenda Ghubra na Jaifar, na safari hii tulikwenda na namba.

Humaid alianza tena na taa kubwa ya feni tatu. Jaifar aliigeuza, akaweka kiganja mgongoni pake, akauliza feni zinavuta hewa kutoka wapi.

"Chumbani."

"Chumbani mna moshi. Zitauvuta mpaka ndani ya taa, na huko siki haifiki."

Humaid akaenda kwenye rafu ya nyuma. Alirudi na taa nyembamba ndefu, LED pia, mwili wa alumini wenye mapezi ya kutolea joto, haina feni wala tundu, na kioo chake ni bapa tupu. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya ile kubwa. Nilimuuliza tatu zinatoa kiasi gani zikining'inizwa sambamba. Tulipima pale pale kwenye tangi lake la maonyesho, zikiwa asilimia sitini: mia mbili na tisini katikati, na pembeni haipungui sana. Mwanga unatoka sehemu nyingi, kwa hiyo tawi halitiliani kivuli na jingine.

"Mnaniachia jitu langu," Humaid alisema, akilitazama lile la feni.

"Muuzie asiyefukiza," Jaifar alisema. Ni mara yangu ya kwanza kumsikia akitania tangu Idi.

Alhamisi, 3 Julai

Taa tatu zimefungwa, juu zaidi kuliko za zamani. Zinaanza na asilimia ishirini na tano. Zitapanda kidogo kila wiki, na hazitapanda kama tumbawe halijakubali. Jaifar ameliweka hilo kwenye kidhibiti cha taa na kunikabidhi mimi namba ya siri, ili asije akajaribiwa.

Bi Mastura amekihamisha chetezo kutoka kwenye kabati hadi kwenye stuli yake. "Kaeni na kabati lenu," alisema. Ubani haupungui na sikuomba upungue. Kila Alhamisi vioo vitapanguswa, kabla uchafu haujawa mwingi hata kuuondoa kukawa hatari.

Anayepangusa ni Nakitto. Jaifar ndiye aliyemuomba. Akauliza kama jiwe limemsamehe.

Alhamisi, 10 Julai

Theluthi moja ya tumbawe imekufa. Jaifar aliikata leo kwa koleo, akaitoa, ili mwani usisambae. Alifanya kazi hiyo taratibu, mikono ikiwa majini hadi kwenye viwiko, na hakugusa hata tawi moja lililo hai. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikimwona mtu asiye na subira. Leo niliona kwamba alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu humfanya asogeze vitu. Akiwa na la kufanya hutulia.

Alhamisi, 17 Julai

Vioo vimepanguswa. Asilimia thelathini na tano. Hakuna mabadiliko.

Alhamisi, 24 Julai

Weupe wa katikati umeingia rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Bi Mastura ndiye aliyesema, na sasa yeye huulizwa kwanza.

Jumapili, 3 Agosti

Kazini. Upepo wa mchanga.

Alhamisi, 7 Agosti

Ncha nne za zambarau upande wa kulia. Asilimia hamsini. Kipimo mia mbili na kumi.

Alhamisi, 14 Agosti

Ncha nyingi, sikuhesabu. Upande wa kushoto una rangi, hafifu lakini ni rangi.

Alhamisi, 21 Agosti

Jaifar amesema leo kwamba hatakata tawi la Bakhit mwezi huu. Anataka kusubiri hadi Januari. Alilisema wakati Nakitto yuko juu ya ngazi anapangusa kioo, kana kwamba ni jambo dogo.

"Limetoka kwenye mauti," alisema. "Nilipige msumeno?"

"Bakhit anajua?"

"Ataelewa."

"Sijauliza kama ataelewa."

Akasema mimi siyajui matumbawe. Ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Nikamwambia ninachokijua: tumbawe lote lililobaki limo katika tangi moja, chumba kimoja, chini ya taa tulizozichagua kwa sababu kitambaa na siki vilitaka kuliua. Leo umeme ukikatika hapa Bawshar na sisi tuko Nizwa kwenye harusi, je, kwa nani atakwenda kuchukua tawi?

"Unalitaka liondoke," alisema.

"Nataka liwe mahali pawili."

Bi Mastura alikuwa kwenye kochi, macho yamefumba, na tulidhani amelala. "Jaifar," alisema. "Mie nnakaa na hilo dude kutwa kuliko nyote. Linaota upande wa dirisha, tawi nene, linataka kugusa kioo cha tangi. Likate hilo. Litajigonga lenyewe, lisipokatwa."

Jaifar alikwenda kutazama. Alikaa mbele ya kioo kwa muda mrefu. Tawi lipo, nene kama kidole gumba, zambarau kwenye ncha, na kati yake na kioo hapana nafasi ya kupitisha kidole. Nakitto aliteremka ngazi, akatazama naye, akasema kwamba hata yeye anaona.

Baada ya magharibi, chetezo kikiwa kinafuka kwenye stuli, Jaifar alichukua simu na kumpigia Bakhit mwenyewe. Alitoka nje kuzungumza. Aliporudi, aliniambia walichopatana, nami naandika kama alivyosema.

Vioo vitapanguswa Jumatano tarehe 27 badala ya Alhamisi, ili tumbawe lipate siku mbili tulivu. Taa zitashushwa hadi arubaini usiku wa kuamkia siku yenyewe. Bakhit anakuja Ijumaa, 29 Agosti, saa tisa alasiri, na ndoo ya maji ya tangi lake na msumeno wake mwembamba. Atakata yeye. Jaifar atashika.